Milima ya Atlas Dirishani

Mwaka ambao mvua ilikosa kunyesha Ukambani kwa msimu wa pili, mimi nilikuwa Nairobi nikitengeneza milima ya unga.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa taipu katika ofisi ya usafiri iliyokuwa kwenye mtaa mdogo unaotokea Kenyatta Avenue. Tuliuza tikiti za ndege na safari za mbugani, na wateja wetu wengi walikuwa wageni. Nilikuwa nimepanga chumba Uthiru, nimenunua viatu vya visigino, na kila asubuhi nilipanda basi kwenda mjini nikiwa nimepiga pasi blauzi na kunyoosha nywele. Pale ofisini walinijua kwa jambo moja zaidi ya taipu. Nilijua kuchora. Kadi za Krismasi nilichora mimi, na mabango ya dirishani pia.

Meneja wetu alikuwa mtu wa Kakamega, mnene, mwenye sauti nzito aliyoimbia besi katika kwaya ya kanisa lake karibu na Dagoretti Corner. Alikuwa mtu mwema, na sitaki yeyote asome haya akidhani namlaumu. Siku moja aliniita chumbani kwake akanitandazia mezani picha za milima yenye theluji. Nilidhani ni Uswisi.

“Hii ni Afrika,” akasema. “Atlas. Iko Morocco. Tumekubaliwa kuuza safari za huko, na mgeni wao kutoka huko anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuzizindua. Sasa sikia. Watu wanafikiri Afrika ni simba na Mombasa peke yake. Nataka mtu akipita hapo nje asimame. Aone milima yenyewe, si karatasi. Utaweza?”

Nikasema nitaweza. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kutengeneza ramani za milima kwa unga wa ngano, chumvi na maji, ukikanda mpaka donge liwe gumu kama udongo wa mfinyanzi. Zile za shuleni zilikuwa za ukubwa wa sinia. Dirisha la ofisi yetu lilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili, na meneja alitaka lijae.

Kwa hiyo nikaanza kuijua Atlas kwa mikono. Nilikuwa na ramani ya ukutani na vitabu vya picha vilivyoandikwa Kifaransa, ambavyo mhasibu wetu alinisomea kidogo kidogo. Nilijifunza kwamba si mlima mmoja. Ni safu ndefu inayoanza karibu na bahari ya Atlantiki, inapita Morocco yote kwa mshazari, inaingia Algeria, inaishia Tunisia, na kazi yake ni kama ya ukuta. Upande wa kaskazini kuna mashamba ya ngano na mizeituni. Upande wa kusini kuna jangwa. Katikati ya Morocco kuna Atlas ya Kati, yenye maziwa na misitu ya mierezi, ndugu wa ile tunayoisoma kwenye Biblia, na ndani ya misitu hiyo wanaishi nyani wasio na mkia. Kisha kuna Atlas ya Juu, ambako kuna kilele kirefu kuliko vyote vya Afrika ya Kaskazini, na theluji inayokaa miezi mingi ya mwaka. Watu huenda huko kuteleza juu ya theluji na vibao miguuni. Chini zaidi kuna Atlas ndogo, kavu, ya mawe mekundu na miti ya lozi. Niliyapenda sana makorongo yake, kuta mbili za mwamba zimekaribiana mpaka mto unapita kama mtu anayejipenyeza mlangoni.

Nilikanda unga siku nne au tano. Nilivua viatu nikaingia dirishani, nikapiga magoti juu ya mbao, nikajenga. Pamba ya duka la dawa ikawa theluji. Nilikata vijiti vya ua wa misaiprasi kule Uthiru nikavipanda viwe mierezi. Nilifinyanga vijumba vya udongo vilivyoshikamana mteremkoni, vyenye paa bapa, na nyumbu wadogo wa kubeba mizigo, wale wa mama farasi na baba punda, si wa mbugani. Watu wakaanza kusimama nje. Nilijifanya siwaoni, lakini nilijua wanaangalia, na moyo wangu ulikuwa umevimba.

Asubuhi moja tulifungua ofisi tukakuta Atlas ya Kati imeliwa. Jengo lilikuwa la zamani na lilikuwa na panya. Walikuwa wametafuna misitu, maziwa, mpaka mbao zikaonekana. Meneja alisimama pale akiwa amejishika kiuno.

“Panya hawa watatumaliza,” akasema. Akamtuma tarishi dukani, naye akarudi na sumu ya panya. Mimi ndiye niliyeichanganya. Niliikanda ndani ya donge jipya, na kuanzia siku ile kila unga ulioingia dirishani niliutia sumu kwanza. Panya wawili walikutwa wamekufa chini ya kabati, na tukashukuru.

Likabaki jangwa. Mchanga wa mjengo niliojaribu ulikuwa wa kijivu, ukaonekana kama tope lililokauka. Meneja akanionyesha picha. “Angalia rangi. Hii ni dhahabu. Tafuta kitu cha rangi hii.”

Tarishi ndiye aliyekuja na wazo. Alikuwa baba mtu mzima, anaishi karibu na Kenyatta Market, na alijua kila duka. Kesho yake aliingia amebeba gunia begani, akalifungua mbele yangu. Ulikuwa unga wa mahindi wa njano.

“Hii si ndiyo rangi ile bosi anataka?” akaniuliza.

Ilikuwa ndiyo. Na nilijua ni unga gani. Mahindi yetu ni meupe. Unga wa njano ulikuja kwa meli, ukapelekwa sehemu zenye njaa, na huko nyumbani watu walipanga foleni kwa chifu kuupokea kwa kopo. Ulikuwa umepenya vipi mpaka ukafika dukani Nairobi, sikuuliza. Nilikuwa nimesikia habari za nyumbani kutoka kwa watu waliokuja mjini. Ng'ombe wanakufa, shule zimefungwa kwa sababu watoto wanaanguka darasani. Nilikuwa natuma kitu kidogo kila mwisho wa mwezi na kujiambia kwamba nitakwenda likizo ikifika. Nilitia mkono ndani ya gunia lile. Unga ulikuwa mkavu na laini, ukateleza kati ya vidole vyangu kama mchanga kweli. Nikachukua sumu nikachanganya.

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, karibu saa sita mchana, nilikuwa ndani ya dirisha, miguu mitupu, nikichekecha unga kusini mwa milima. Nilikuwa natengeneza mawimbi ya mchanga kwa kisu cha mezani. Nje walikuwapo watu wanne au watano kama kawaida. Nikaona miguu ya mtu mmoja, imepauka kwa vumbi mpaka magotini, ndani ya sandali za mpira wa gurudumu. Nikainua macho.

Alikuwa mama yangu.

Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kile cha kanisani, na uso wake ulikuwa umekonda hivi kwamba kwanza nilimwona nyanya yangu, aliyefariki zamani. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia chekeche mkononi mwangu.

Nilitoka dirishani nikaenda kumfungulia mlango. Nilimwamkia, nikamshika mikono. Mikono yangu ilikuwa ya njano mpaka viwikoni, nikaacha unga kwenye ngozi yake.

“Mwaitu, umekujaje?” nikamuuliza kwa Kikamba. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

“Nimekuja na lori la makaa. Nilikuwa na jina la barabara. Nimeuliza njiani.”

Meneja alitoka chumbani kwake aliposikia tukiongea Kikamba. Alipojua ni nani, alifurahi kwelikweli. Alimpa kiti chake, akaagiza chai ya maziwa na mkate wenye siagi, akamsalimia kwa mikono miwili. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno ya sokoni, kwa hiyo meneja akanigeukia.

“Mwambie binti yake ana kipawa. Hapa kwetu hakuna mwingine kama yeye. Mama, njoo uone kazi ya mtoto wako.”

Akamsimamisha mbele ya dirisha, upande wa ndani, akaanza kumweleza, nami nikatafsiri. Nimetafsiri mambo mengi maishani, mahakamani hata hospitalini, lakini hakuna siku iliyonichoma kama ile.

“Hii ni milima ya Atlas,” meneja akasema. “Iko juu kabisa ya Afrika, karibu na Ulaya. Hii nyeupe ni theluji. Wageni wanalipa kwenda kucheza juu yake.”

Nikamwambia mama kwa Kikamba kwamba huko kuna barafu na watu huenda kucheza.

“Hapa kuna mierezi. Hapa kuna maporomoko ya maji, na upinde wa mvua kila siku, na nyani wanakuja kuchukua karanga mkononi mwako. Mtu analala kwa wenyeji, anapewa chai ya mnanaa, asubuhi anapanda nyumbu mpaka juu. Halafu akishuka upande huu mwingine, anakuta jangwa. Hakuna nchi nyingine inakupa theluji na jangwa siku moja.”

Nilitafsiri yote. Mama alisikiliza kwa adabu, akitingisha kichwa kila nilipomaliza. Kwenye theluji aliuliza swali moja, ikiyeyuka maji yanakwenda wapi. Meneja hakujua. Mimi nilijua, nikamweleza kwamba watu wa mabondeni wamechimba mifereji tangu zamani, wanayaongoza maji mpaka shambani kwa kila mtu kwa zamu. Mama akasema hao ni watu wenye akili.

Kisha akainama, akachota kidogo pale kwenye jangwa kwa ncha ya kidole. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

“Usionje, mwaitu.”

“Nisionje kwa nini? Naujua unga huu. Ni ule wa chifu.” Alikuwa anaongea polepole, bila hasira. “Mkimaliza kuangalia, mtaula?”

“Una sumu,” nikasema. “Nimetia sumu ya panya.”

Alijifuta kidole kwenye leso, akakifuta tena, akarudi kuketi. Kikombe cha chai kilikuwa kimebaki nusu lakini hakukigusa.

“Anasema nini?” meneja akauliza, bado anatabasamu.

Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Pengine nilitaka kuwa na mwenzangu katika aibu ile. Nikasema, “Anauliza kama huo unga tutaula tukimaliza. Kwao wanapewa huo huo, kopo moja kwa nyumba. Nimemwambia una sumu.”

Meneja aliangalia dirisha, akamwangalia mama, akaangalia mkate mezani. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia maumivu yakipanda.

“Toeni,” akamwambia tarishi. “Toeni hiyo njano yote. Sasa hivi.” Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Baada ya nusu saa hivi, tarishi akiwa ameshamaliza, akatoka tena, bila kuniangalia, akasema nimpeleke mama nyumbani apumzike, kazi itasubiri.

Tulikuwa tumefika kona ya pili, tukielekea stendi ya basi, mama aliposimama.

“Yule mzee aliyeutoa ule unga ameutupa wapi?”

Sikuelewa haraka. Yeye ndiye aliyeona. Mtu mwenye njaa hawezi kupita unga uliomwagwa, na yeye alitoka kwa wenye njaa. Tuligeuka. Nilivua viatu vyangu vya visigino nikavishika mkononi, nikakimbia miguu mitupu mbele ya watu wa maofisi waliokuwa wakitoka kwenda kula.

Nyuma ya jengo letu palikuwa na kichochoro cha mapipa ya taka. Tarishi alikuwa ameumwaga unga kando ya pipa, rundo zima, akarudi ndani. Wanawake watatu walikuwa wamechuchumaa wakiukusanya kwa viganja, mmoja amefungua kanga, mwingine amevua kitambaa cha kichwa. Walifanya kazi bila kuongea, kwa uangalifu, wakipuliza takataka pembeni.

“Acheni,” nikasema. “Acheni, una sumu. Ni sumu ya panya.”

Mmoja aliniangalia kuanzia nywele mpaka kwenye viatu mkononi. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti iliyokauka. “Unataka uchukue wewe?”

“Sitaki. Nimetia sumu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.”

“Unga mzuri hivi, unatia sumu?”

“Ulikuwa wa kupamba dirisha.”

Wale wawili wengine wakasimama kuniangalia vizuri. Nilisikia maneno yangu yalivyokuwa. Yule mtu mzima akamgeukia mwenzake akasema, kana kwamba mimi sipo, “Umesikia? Hawa wa ofisini wakishiba wanamwaga unga, na wakiumwaga wanautia sumu ndiyo sisi tusile.”

Hata kama haikuwa hivyo, kwa macho yao ingekuwaje tofauti?

Mama alikuwa amefika, anahema. Mwanzoni mwa kichochoro palikuwa na mama mmoja wa chai aliyepika kwa jiko la mafuta ya taa. Mama alimwendea, akamwomba chupa ya mafuta kwa ishara na kwa yale maneno yake machache ya sokoni. Akarudi nayo. Hakuwaeleza wale wanawake chochote. Alimimina mafuta ya taa juu ya rundo, akazunguka pande zote kama anayemwagilia kitalu, mpaka unga ukawa tope na harufu ikapanda puani. Nilijua jinsi alivyoupokea unga ule kule nyumbani, jinsi alivyokung'uta gunia tupu ili punje isibaki. Ilibidi yeye atoke huko kote aje auharibu, kwa sababu mimi sikufikiri.

Wanawake walipoona mama mkongwe, aliyekonda kuliko wao, anafanya hivyo, wakaamini. Mmoja akafungua kanga yake akaumwaga wake. Yule mwenye kitambaa akafanya vivyo hivyo. Kisha yule mtu mzima akasema, na sasa sauti yake ilikuwa tofauti, “Kuna mwenzetu amekwenda na wake. Amebeba kwa debe. Anakaa pale mtoni.”

Alitutangulia. Tulivuka River Road, tukashuka kwa njia ya miguu mpaka ukingo wa mto Nairobi, ambako watu walikuwa wamejenga vibanda vya katoni na mabati. Mbele ya kimoja mwanamke alikuwa ameinama juu ya sufuria, anasonga. Binti zake wawili walikuwa wameketi karibu na moto, wameshika sahani za bati. Ugali ulikuwa wa njano na ulikuwa umeshaanza kushikana.

Yule aliyetuongoza alianza kumwambia habari ya sumu, lakini yule mpishi aliendelea kusonga huku akisikiliza, kama mtu ambaye mkono wake haujapata habari. Mama hakungoja. Alishika sufuria kwa ncha za leso, akaiondoa motoni, akaipindua chini. Ugali ukaanguka kwenye majivu.

Mmoja wa wale mabinti akaanza kulia. Mama yao alisimama na mwiko mkononi, na nikadhani atampiga mama yangu. Nikasogea katikati. Nilitaka anipige mimi. Lakini aliniuliza tu, kwa utulivu, “Ni kweli?”

“Ni kweli. Nisamehe.”

“Watoto walikuwa wameshaonja?” mama akauliza kwa Kikamba, na nikatafsiri. Hawakuwa wameonja. Alikuwa anangoja uive.

Mama akaketi chini, akajivutia kiondo chake. Kumbe ndani yake kulikuwa na mbaazi kavu, zimefungwa kwenye kipande cha shuka. Alikuwa ameniletea mimi. Katika mwaka kama ule, aliniwekea mbaazi, binti yake wa mjini anayelipwa mshahara, kwa sababu hajawahi kuja kwa mtoto wake mikono mitupu. Akafungua fundo, akazimimina kwenye sufuria ile baada ya kuisugua kwa majivu na maji, akamkabidhi yule mwanamke. Hawakuwa na lugha moja. Walishikana mikono.

Nilisimama pale na viatu vyangu mkononi. Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wametoka kutazama. Nilikuwa bado na unga wa njano kwenye nywele na kwenye sketi, na kila mtu aliyeniangalia alijua ni mimi.

Jioni ile Uthiru nilipika wali. Mama alikula kidogo sana, polepole, akafunika sahani akasema uliobaki ataula kesho. Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kwamba sikuwa nimefikiri, kwamba ni kazi, kwamba bosi ndiye aliyetaka ile rangi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Kazi yako ni nzuri,” akasema. “Ile milima ni mizuri. Niliiona nikiwa nje kabla sijakuona wewe, nikasimama. Nilikuwa nafikiri, huyu aliyetengeneza hivi ana mikono. Kisha nikaona ni mikono yako.”

Basi. Hakulirudia tena jambo lile mpaka alipofariki. Ningependa angenigombeza.

Jumamosi mgeni wa Morocco alikuja, mzee mpole mwenye suti nyeupe. Tarishi alikuwa ameleta mchanga wa mjengo, ukakaa pale kusini mwa milima, wa kijivu, na hakuna aliyelalamika. Mgeni aliinama dirishani akaonyesha kwa kidole bonde alikozaliwa. Akauliza ni nani aliyetengeneza, akaambiwa, akataka kunisalimia. Mimi nilikuwa stoo, nimeketi juu ya maboksi ya karatasi za taipu. Nilisikia wakiniita. Tarishi alifungua mlango, akaniona, akafunga tena taratibu, na nikamsikia akiwaambia kwamba nimetoka kidogo.

Mama alirudi nyumbani siku iliyofuata. Nilimsindikiza stendi ya mabasi ya Machakos na kifurushi cha mchele na sukari. Tulipokuwa tunangoja, nilimwona meneja anakuja kati ya watu, amevaa suti yake ya kanisani, na begani amebeba gunia la unga, mweupe, hata koti lilikuwa limechafuka. Sijui alijuaje basi ni lipi. Alimpa utingo akalipandisha kwenye kerea, juu ya paa la basi, akasimama pale mpaka akahakikisha limefungwa kwa kamba. Kisha akamwinamia mama, akamshika mkono.

“Mama, pole,” akasema. Neno hilo mama alilijua. Akamjibu, “Asante, mwanangu,” kwa Kiswahili.

Meneja aliondoka haraka bila kuniambia lolote, na Jumatatu ofisini aliniletea barua za kupiga taipu kama siku nyingine zote. Sikumbuki kama tuliwahi kutazamana machoni tena sawasawa, ingawa nilifanya kazi pale miaka mingine mitatu. Ofisi ilipotoa nafasi ya mfanyakazi mmoja kwenda Morocco kuiona Atlas kwa macho yake, jina langu ndilo lililotajwa. Nilisema siwezi kusafiri, nina mambo ya nyumbani. Akaenda mhasibu. Aliporudi alinieleza habari za theluji na za masoko, jinsi hewa ya kule inavyokata kifua, na jinsi alivyokaribishwa chai nyumba kwa nyumba na watu asiowajua. Nilimsikiliza. Sikumwuliza kitu.